Kipepeo wa Gede ana kibali, asali yetu yangoja nini?

Mwezi wa Shaabani uliopita binamu yangu anayeishi Muscat alinipigia simu akitaka asali. Si zile chupa mbili za kumtilia msafiri mkobani, bali kilo mia mbili. Ana duka dogo huko, na Ramadhani ikikaribia wateja wake huulizia asali kama sisi tunavyoulizia tende. "Nitafutie ya kwetu," akaniambia, "ile ya mikokoni tuliyokuwa tukilambishwa na nyanya. Bei si tatizo. Lakini nataka na karatasi zake, maanake bila karatasi mzigo haunitokei bandarini."

Asali niliipata kwa siku mbili. Karatasi hadi leo sijazipata.

Nilianzia kwa kikundi kimoja cha wafugaji nyuki upande wa Mida. Mwenyekiti wao ni mzee wa makamo ya baba yangu mdogo, mtu wa maneno machache, na mizinga yao wameitundika pembeni mwa mikoko ambako mtu akitaka kuiba lazima kwanza apambane na matope. Walikuwa na asali ya kutosha, imechujwa, imo ndooni, imefunikwa. Nikawapa habari ya Muscat. Kina mama wawili wa kikundi wakaangaliana wakacheka, kicheko cha watu waliowahi kuahidiwa mambo. Mzee akaniambia, "Mwanangu, sisi tutakuwekea mpaka mwisho wa mwezi. Ukipata hiyo ruhusa, njoo uchukue."

Mimi si mgeni wa karatasi. Nina diploma yangu ya biashara, na miaka kadhaa nilifanya kazi kwa wakala wa forodha Mombasa, nikijaza fomu za mizigo ya watu hata nikawa naziota usiku. Nilidhani asali itakuwa kazi ya wiki moja. Ofisi ya kwanza ikanielekeza ya pili. Ya pili ikaniuliza kama nina kampuni. Ya tatu ikataka majibu ya maabara, na nilipouliza maabara iko wapi nikaambiwa Nairobi. Katika ofisi ya nne, ambayo sitaitaja kwa sababu kijana aliyekuwa mezani alinihudumia kwa adabu kuliko wote, niliambiwa hivi: "Mzee, asali ya kula nyumbani haina shida. Ya kupeleka nje si kazi ya mtu mmoja."

Mwisho wa mwezi ukafika. Mnunuzi mmoja kutoka bara akaja na pikapu, akaichota asali yote kwenye mitungi ya lita ishirini na kuwalipa karibu nusu ya bei aliyokuwa tayari kulipa binamu yangu. Sikumlaumu mzee. Watoto wake walikuwa wanarudi shule.

Lakini maneno ya yule kijana nimekuwa nikiyatafuna tangu siku hiyo, na kadiri ninavyoyatafuna ndivyo ninavyoona kwamba alisema kweli kuliko alivyokusudia.

Kibali cha kuuza asali nje kina sehemu mbili, na wengi wetu tunaijua moja tu. Ya kwanza ni ya muuzaji. Huyu hutakiwa awe na biashara iliyosajiliwa, alama ya ubora ya KEBS kwa mujibu wa kiwango cha asali cha Afrika Mashariki, cheti cha afya kutoka kwa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo (kwa maana kiserikali asali huhesabiwa mazao ya wanyama, pamoja na maziwa na mayai), na cheti cha kuonyesha mzigo umetoka nchi gani. Maombi mengi siku hizi hupitia mtandao wa dirisha moja wa KenTrade. Ni usumbufu, ila ni usumbufu wa mtu mwenye miguu, nauli na subira.

Sehemu ya pili ni ya nchi. Umoja wa Ulaya, ambao ni mojawapo ya masoko makubwa ya asali ya kigeni, kwanza huipa ruhusa serikali ndipo mfanyabiashara afikiriwe. Nchi inayotaka kuuza huko hupeleka mpango wake wa kila mwaka wa kupima mabaki ya sumu na dawa: sampuli ngapi zitachukuliwa, kutoka wapi, zitapimwa dawa gani za antibiotiki, viuadudu gani, madini gani kama risasi, na mwaka uliopita majibu yalikuwaje. Mpango ukikubaliwa, nchi huingizwa kwenye orodha. Nchi isiyokuwemo, asali yake haiingii hata iwe tamu namna gani. Na katika Ghuba nako, hata kama masharti si mazito hivyo, mzigo wa biashara huulizwa cheti cha afya kilichotiwa saini na serikali, si na mfugaji.

Sasa nitazamie yule mzee wa Mida. Anaweza kufunika ndoo. Anaweza kuacha kuvuna sega ambalo nyuki hawajaliziba. Akisaidiwa anaweza hata kusajili kampuni. Lakini hawezi kuandika mpango wa taifa wa kupima mabaki ya dawa kwenye asali. Hiyo ni kazi ya serikali, na isipofanywa, karatasi nyingine zote anazotafutishwa ni kama kukata tiketi ya basi lisilokuwa na dereva.

Uganda iliingia kwenye orodha hiyo ya Ulaya mwaka 2005. Ethiopia ikaingia 2008. Zambia na Tanzania wameuza asali Ulaya miaka na miaka. Tanzania ina sheria yake kamili ya ufugaji nyuki, Sheria Namba 15 ya mwaka 2002, na nyuki wana idara inayowasimamia pamoja na misitu. Kwetu nyuki wamo ndani ya mifugo, nyuma ya ng'ombe, mbuzi na ngamia, na mwenye kuja nyuma hupata makombo. Matokeo yake mnayaona dukani. Nchi hii, ambayo jina lake limebebwa na ule mzinga wa sanduku lenye vijiti juu uliobuniwa miaka ya 1970 na kuenea Afrika nzima, inaagiza asali nyingi kuliko inayouza. Nendeni dukani pale Malindi mjini msome vibandiko: asali nyingi tunayonunua imetoka Tanzania. Sina ubaya na ndugu zetu, asali yao ni nzuri. Nasema tu mzinga ni wetu na asali ni yao.

Na si kwamba huku Pwani biashara ya nyuki ni jambo la juzi. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16 kuhusu miji ya mwambao, alipofika kwa Malindi aliitaja nta pamoja na dhahabu na pembe za ndovu miongoni mwa bidhaa zilizowaletea faida wafanyabiashara wa Cambay kule Bara Hindi. Nta hiyo ilitoka kwa watu wa nyuma yetu, warina asali wa misituni, ikateremka hadi pwani na kupakiwa majahazini. Miaka mia tano iliyopita mzigo wa nyuki ulitoka Malindi ukavuka bahari. Leo kilo mia mbili zimenishinda kupeleka Muscat.

Nasikia msomaji akisema: basi hayo masharti yaondolewe, Wazungu wanatuonea. Hapo sikubaliani. Mwaka 2021 na 2022 wakaguzi wa Ulaya walichukua sampuli 320 za asali iliyoingia kutoka nje. Ripoti yao ya mwaka 2023 ilisema 147 kati ya hizo, yaani asilimia 46, zilishukiwa kutiwa shira ya sukari. Kati ya nchi zilizouza, Uchina ndiyo iliyokuwa na sampuli nyingi zaidi zenye shaka. Mlaji wa kule ameibiwa vya kutosha, naye ana haki ya kuuliza. Sheria yao mpya inayoanza kutumika tarehe 14 Juni 2026 inataka chupa ya asali iliyochanganywa iandikwe kila nchi iliyochangia na kwa asilimia ngapi. Kwa mwenye asali halisi, hilo ni neema. Aliyekuwa akijificha ndani ya pipa la mchanganyiko sasa atatajwa kwa jina, na asiyekuwa na la kuficha atatajwa pia.

Na tusijifanye malaika. Mimi ni mtu wa hapa na nimeiona asali ya barabara ya Malindi ikiwa kwenye chupa za soda, imepangwa mezani kwenye jua kutoka asubuhi hadi Alasiri. Asali ikikaa kwenye joto hujenga kemikali ambayo wapimaji huitumia kujua imechoka kiasi gani. Viwango vya kimataifa vinaruhusu miligramu 40 kwa kilo, na kwa asali itokayo nchi za joto wakatuhurumia hadi 80. Jua la Machi la Malindi halina huruma hiyo. Kisha kuna maji. Asali haitakiwi kuzidi asilimia 20 ya maji, na sisi tunaishi kwenye unyevu wa bahari. Ukivuna sega halijazibwa, au ukiacha ndoo wazi usiku mmoja, asali hunywa maji ya hewani na baada ya miezi inachacha. Kuna na wale wanaorina kwa mwenge, wakaunguza nusu ya nyuki, wakakamua masega na majana humo humo. Asali ya namna hiyo harufu yake ni ya moshi, na mnunuzi wa nje huisikia kabla hajafungua kifuniko.

Kwa upande mwingine tuna jambo ambalo wenzetu wa nchi tajiri wanalitamani. Wafugaji wetu hawawapi nyuki antibiotiki. Nyuki wetu wa mwambao, mdogo na mkali, hujitafutia mwenyewe kwenye mikoko, minazi na misitu. Hatari kubwa kwetu ni viuadudu vya mashambani, hasa miembe inapopigwa dawa wakati wa maua, na hilo ni jambo ambalo mashamba jirani wanaweza kukubaliana: dawa ipigwe jioni nyuki wakiwa wamelala. Vifaa vya kupimia navyo haviko mbali. Kasarani, Nairobi, kwenye kituo cha icipe, kuna maabara ya rejea ya Afrika kwa afya ya nyuki iliyofunguliwa mwaka 2014, na sehemu ya fedha zake ilitoka Umoja wa Ulaya huo huo. Wametusaidia kujenga mahali pa kuwachunguza nyuki, sisi tumeshindwa kupanga safari ya sampuli.

Hapa lazima nikiri kosa langu. Mwaka 2021 ulipoletwa ule Mswada wa Mifugo, uliotaka kila anayefuga nyuki kibiashara asajiliwe na kaunti, na asiyesajiliwa atozwe faini ya hadi Sh500,000 au afungwe hadi mwaka mmoja, nilikuwa miongoni mwa waliopiga kelele. Niliandika, nilizungumza barazani, nikasema serikali imeona nyuki wamebaki bila kodi. Kelele zikawa nyingi nchi nzima na mswada ukawekwa kando. Kwa faini ile bado nasema tulikuwa sawa. Nusu milioni kwa mtu mwenye mizinga sita ni ukatili, maana hata akiuza mizinga, nyuki na shamba lenyewe hafiki. Ila kusajili mfugaji kwenyewe hakukuwa kosa. Huwezi kumwambia mnunuzi asali hii imetoka Dabaso kama hakuna daftari linaloonyesha ni nani ana mizinga Dabaso. Serikali ilianza na kiboko pale ilipotakiwa kuanza na daftari, nasi tukatupa vyote viwili.

Kwa nini mtu wa Kilifi akisikia neno leseni hushika mfuko? Muulize kuhusu korosho. Kiwanda cha Kilifi kilichoanza miaka ya 1970 kilikuwa fahari yetu. Kufika mwisho wa miaka ya 1990 kilikuwa kimesambaratika. Kisha mwaka 2009 serikali, waziri wa kilimo wakati huo akiwa William Ruto, ikapiga marufuku kuuza nje korosho na makadamia ghafi. Sababu ilikuwa nzuri ukiisikiliza: zibanguliwe hapa, kazi zibaki hapa. Lakini marufuku ilikuja kabla ya viwanda vya kutosha, na mkulima aliyekuwa na wanunuzi kadhaa wa kuwapambanisha akajikuta mbele ya wachache wanaomwamulia bei. Mikorosho ya mababu ikazeeka, mingine ikakatwa ikawa makaa. Nyuki nao wakapoteza ua walilolipenda. Ndiyo maana ninapotaka serikali isimamie asali ya nje, simaanishi kibali kimoja apewe mtu mmoja Nairobi, kisha sisi tuambiwe tumpelekee mitungi. Hilo tumeshalionja.

Ninachotaka kipo, na hakiko mbali. Kiko Gede.

Mwaka 1993 ulianzishwa mradi wa Kipepeo pale kwenye magofu ya Gede, chini ya Makavazi ya Kitaifa. Wakati huo wakaazi wengi wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke walitaka ukatwe wagawiwe mashamba, na huwezi kuwalaumu. Tembo walikuwa wakila mahindi yao na msitu hauwapi kitu. Mradi ukawafundisha kufuga viwavi kwenye vibanda vya neti, kisha kuuza pupa, yaani yule kiwavi aliyejifunga kabla hajawa kipepeo, kwa mabustani ya vipepeo ya Ulaya na Marekani. Hebu fikiria ugumu wa mzigo huo. Ni kiumbe hai. Una siku chache tu. Ukichelewa, kipepeo anatokea ndani ya boksi na kufa. Unahitaji vibali vya wanyamapori, karatasi za kuingilia nchi ya pili, ndege isiyochelewa. Na mama wa kijijini ambaye hajawahi kuliona jengo la forodha amekuwa akiuza pupa ng'ambo kwa zaidi ya miaka 30.

Anawezaje? Hajazi fomu. Yeye hufuga vizuri na kuleta kwa wakati. Kituo kinakagua, kinahesabu, kinaandika nani kaleta nini, kinapakia, na taasisi ya umma yenye jina linalojulikana ndiyo inayobeba vibali. Kibali kimoja kimefunika mamia ya watu, na kila mmoja analipwa kwa alicholeta. Mradi huo huo huuza na asali ya wanavijiji, pale pale dukani Gede. Kipepeo, ambaye wiki mbili akichelewa ni maiti, ana njia ya kwenda ng'ambo. Asali, inayoweza kukaa miaka ndani ya ndoo bila kuoza, imekosa.

Kwa hivyo lile neno la kijana wa ofisi ya nne, kwamba si kazi ya mtu mmoja, ndilo jibu. Ni kazi ya kituo, cha kukusanyia asali ya Kilifi nzima, chenye kibali kwa jina la wafugaji wenyewe kupitia chama chao cha ushirika, na chenye mambo manne matano ya kawaida: mizani, ndoo safi za kukopesha, kifaa cha kupimia maji ya asali ambacho hutoshea mfukoni, chumba kisichopigwa na jua, na daftari. Serikali ya kaunti inaweza kuanza hayo bila kungoja Nairobi, kwa kuwa Katiba ya 2010 imeipa kaunti ufugaji. Biashara ya kimataifa na sera ya afya ya mifugo zimebaki kwa serikali kuu, na ndiyo maana kila upande huonyesha kidole kwa mwenzake. Lakini daftari la Dabaso halihitaji saini ya waziri. Nairobi idaiwe kile ambacho ni chake: mpango wa kupima kila mwaka, uliolipiwa na hazina, na afisa wa kuchukua sampuli anayefika hadi Magarini, maana nyuki hawapandi Mbaraki wala Upper Hill.

Mtu ataniuliza kilo mia mbili ni kitu gani hata tujengewe kituo. Jibu langu liko kwenye jina. Sisi Waislamu tuna sura nzima ya Qur'ani inayoitwa kwa jina la nyuki, na asali kwetu ni chakula na dawa. Lakini ndugu zetu wa Hadhramaut wameifanya pia kuwa nasaba. Asali ya mkunazi ya bonde la Du'an huuzwa kwa bei inayozidi karibu asali yoyote. Mkunazi huo ni wa jamii moja na ule tunaoujua sisi kwa majani yake ya kuoshea maiti. Kinachouzwa pale ni utamu, ndiyo, lakini pia ni bonde: mnunuzi anajua ua, anajua msimu, anajua ukoo wa aliyevuna. Nasi tuna mikoko ya Mida. Tuna Arabuko-Sokoke, kilomita mraba 420, msitu mkubwa wa pwani wa aina yake uliosalia Afrika Mashariki, ambao watafiti wa ndege huvuka bahari kuja kuutazama. Tuna mirihi ya Dakatcha. Asali ya mahali kama hapo ikitoka na jina lake haishindani na pipa la Uchina kwa bei. Ikiingia kwenye mtungi wa yule bwana wa pikapu inakuwa asali tu, ya popote, ya yeyote.

Na kuna jambo ambalo halikai kwenye mizani. Pitia barabara ya Malindi kuelekea Garsen siku yoyote uhesabu magunia ya makaa. Yanatoka ng'ambo ya Mto Sabaki, yanatoka Dakatcha, na wanaochoma wengi ni vijana ambao hawana ardhi wala kazi. Nimewahi kumuuliza mmoja kwa nini hafugi nyuki badala yake. Hakukasirika. Alinijibu kwamba gunia la makaa lina mnunuzi leo, barabarani, pesa mkononi, na asali ya babake ilikaa miezi mitatu ikingoja mtu. Mrihi mmoja unachukua miaka mingi kukua na siku mbili kuwa makaa. Sina la kumwambia kijana huyo mpaka asali iwe na mnunuzi kama gunia lilivyo naye. Mida nayo ina vitisho vyake. Wakaazi wa Uyombo waliandamana mwaka 2024 kupinga kinu cha nyuklia, na mojawapo ya maswali waliyoulizwa ni: msitu huu na maji haya yanawapa nini? Mtu mwenye stakabadhi ya asali iliyouzwa Muscat kwa jina la Mida angekuwa na kitu cha kuweka mezani.

Wakati huo hayajatimia, kuna njia ndogo ambayo wachache wanaitumia. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani anaweza kuuvusha mpakani, kwa mfano Lunga Lunga, kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa kinachotolewa papo hapo, mradi bidhaa imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Hakimwondolei masharti ya afya na ubora, na kupeleka asali Tanzania ni kama kupeleka nazi Lamu. Lakini kwa kikundi ambacho hakijawahi kuuza chochote nje ya kaunti, ni mahali pa kujifunzia kujaza karatasi ya kwanza bila kuporwa na dalali.

Juma lililopita nilirudi Mida. Mizinga imejaa tena, mvua ilikuwa njema na mikoko imetoa maua. Binamu yangu ameshapiga simu, ananiuliza kama mwaka huu nitamtia aibu tena mbele ya wateja wake, nimemwambia asiwaahidi. Nilimpelekea mzee nakala ya masharti niliyoyakusanya kwenye zile ofisi, kurasa kumi na moja, zote kwa Kiingereza. Akazipekuapekua, akampa binti yake aliyemaliza kidato cha nne. Binti akasoma ukurasa wa kwanza kimya, kisha akaniuliza hapa palipoandikwa jina la mwombaji lazima awe mtu mmoja au linaweza kuwa la kikundi.

Kikundi kitakutana Jumamosi baada ya Adhuhuri. Nitakwenda, na nimemwalika pia afisa mmoja wa mifugo wa kaunti, aliyesema atakuja akipata gari.